Binti wa Hector Haburuti

Wimbo ulikatika katikati. Effie aliendelea kupiga piano kidogo, vidole vikikimbilia mahali ambapo fidla haikuwapo tena, kisha naye akaacha. Ndipo sauti ya baba yake ikatoka kwenye spika ndogo iliyowekwa juu ya piano, karibu na picha ya marehemu mama.

"Nani huyo anayeitikia?"

"Ni mimi, Baba. Effie."

"Effie gani?"

"Effie wako."

"Hapana," alisema Hector. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemrudishia muuzaji chenji iliyozidi. "Effie wangu haburuti. Wewe, dada, unaburuta kama mtu anayevuta ng'ombe aliyekufa."

"Mzee wewe, adabu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Odette, muuguzi wa ile nyumba ya wazee huko Halifax, mwanamke wa Chéticamp aliyekulia kwenye nyumba zenye fidla na hakuweza kuvumilia kumwona mzee mwenye fidla akikaa kimya. "Effie, mpenzi, usijali. Leo amechoka. Tujaribu Jumapili ijayo."

Effie aliufunika ubao wa piano. Hakulia mbele ya spika. Alilia jikoni akimwaga chai iliyopoa, redio ya zamani juu ya kabati ikisoma habari za ugonjwa huku ikigonga tik, tik, tik, kama ilivyozoea kila majira ya joto.

Tangu miguu yake haijafika kwenye pedali, Effie alikuwa akimwitikia baba yake. Kwenye harusi, kwenye ngoma za ukumbi wa parokia, kwenye majiko ya watu ambako viti vilisukumwa ukutani ili watu wapate kucheza. Alikuwa mtu wa haya sana. Hata kuuliza bei dukani kulimshinda. Lakini kwenye nyumba za Glen Dubh, kijijini kwao, piano hukaa ukutani, na anayeipiga huwapa watu mgongo, na hilo lilimfaa. Hakuna aliyemtazama usoni. Alikuwa na ukuta, na nyuma yake alikuwa na baba.

Hector alimfundisha sheria moja tu. "Usinisubiri. Ukinisubiri, na mimi nitakusubiri wewe, na wote wawili tutafika kesho. Wewe tangulia kidogo, univute." Basi Effie alimvuta, na watu walisema mkono wa kushoto wa binti wa Hector ungeweza kulitoa trekta kwenye matope.

Kisha mzee akaanza kusahau. Alisahau jiko likiwaka. Alisahau kwamba mkewe, Dolina, alikufa, akawa anamwulizia kila asubuhi, na kila asubuhi alipata msiba upya. Alipoanza kutoka usiku kwenye theluji kumtafuta, ndugu walikaa, wakaamua, na nafasi ikapatikana huko Halifax tu, mbali na nyumbani. Effie alikuwa akimtembelea kila alipopata mtu wa kumpa lifti. Mara ya kwanza hakumjua. Alimwangalia usoni, akamwita "bibi mdogo", akamwuliza kama ndiye mwenye kuleta dawa. Effie alikwenda kwenye piano ya ukumbi wa kulia chakula, akampa mgongo, akapiga kidogo tu. Nyuma yake mzee akasema, "Ah! Effie, umefika. Barabara ilikuwaje?"

Ikawa hivyo kila safari. Uso hakuujua, sauti hakuijua, jina lilikuwa jina tu. Bali mkono ule wa kushoto, ukitangulia nusu ya pumzi, aliujua.

Halafu ukaja ule mwaka wa barakoa, na milango ya nyumba za wazee ikafungwa, hakuna wa kuingia. Odette ndiye aliyewaza mambo ya intaneti. Mpwa wake alimwonyesha programu ambayo wanamuziki waliitumia kucheza pamoja kila mtu akiwa kwake. Picha waliizima, maana ilikula nafasi yote ya waya. Ikabaki sauti tupu. Effie aliona si hasara. Kwani lini waliwahi kutazamana wakicheza?

Lakini sauti ilifika imechelewa. Si sana. Mtu anayeongea asingejua. Effie aliisikia fidla ikiwa imekwisha pita, akaiitikia, na mwitikio wake nao ulifika Halifax ukiwa umechelewa mara ya pili. Mzee akausubiri. Naye Effie, akisikia fidla inapunguza mwendo, akapunguza. Wimbo ukawa mzito, ukawa mzito zaidi, mpaka ukalala barabarani.

Siku iliyofuata alimpigia simu fundi. Kumpigia simu mtu asiyemjua kulimchukua asubuhi nzima.

Fundi aliyekuja aliitwa Lauchie, mtu wa Inverness, tumbo mbele, maneno mengi. Alisimama uani kwa sababu ya ugonjwa, akafungua kisanduku cha simu kilichokuwa ukutani, akachomeka kifaa chake.

"Waya wako hauna kosa, dada. Ni mrefu tu na umezeeka, kama mimi. Lakini haukatiki."

"Sikusema unakatika. Unachelewa."

"Unachelewaje? Unaangalia sinema?"

Effie akamweleza, akiangalia viatu vyake. Lauchie aliacha kutafuna chingamu yake.

"Wewe ni binti wa Hector wa Dougald? Mungu wangu! Baba yako alicheza kwenye harusi ya dada yangu mpaka padri akavua viatu." Akajikuna shingo. "Haya, sikiliza. Karata unacheza?"

"Kidogo."

"Sauti yako haiendi moja kwa moja kama maji kwenye mpira. Inakatwa vipande, tuseme karata. Njiani kuna kelele, na kelele ikipiga, inakwapua karata kadhaa zilizofuatana, pwaa, neno zima limekwenda. Kwa hiyo mashine kule kwenye kibanda cha kampuni ya simu inazichanganya karata kwanza, halafu inatia na za akiba. Kelele ikikwapua, inachukua moja ya huku, moja ya kule. Upande wa pili wanazipanga upya, wanaangalia zile za akiba, wanajua iliyopotea ilikuwa ipi. Kosa limesahihishwa. Hata hujui kwamba lilikuwapo."

"Basi ni jambo jema."

"Jema sana! Ila huwezi kuzipanga karata mpaka zote zimefika mezani. Hapo ndipo unaposubiri. Na zile za akiba nazo zinakula nafasi, ndiyo maana mwendo wako ni mdogo hata siku njema. Lakini kusubiri kwenyewe ni kufumba na kufumbua tu."

"Kufumba na kufumbua ni kwingi," Effie alisema. "Mcheza ngoma akichelewa hivyo, mguu unakwenda bila wimbo."

Lauchie alimtazama, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Naweza kuwaambia ofisini wakuondolee hilo sahihisho. Karata zitatoka moja baada ya nyingine, mbiombio. Lakini waya wako utakuwa uchi, umenielewa? Kelele ikipiga, kilichopotea kimepotea. Na ile mashine kibandani inahesabu makosa. Ikiona yamezidi, inakurudishia sahihisho yenyewe, bila kumwuliza mtu."

"Ondoa," alisema Effie.

Jumapili Odette alimweka mzee kitini, akampa fidla. Effie alisikia kiti kikilia, kisha fidla ikikazwa nyuzi. Mzee alianza na ule wimbo alioutunga mwenyewe walipochimba kisima cha Dolina, wimbo ambao hakuna mwingine aliyeucheza vizuri kwa sababu katikati unapinda mahali pasipotarajiwa. Effie alitangulia nusu ya pumzi. Fidla ilikuwa papo hapo, kana kwamba mzee amekaa nyuma yake na kisigino chake kinagonga sakafu ileile. Kila baada ya muda mfupi kulikuwa na kitobo, tik, noti moja imeliwa, lakini hawakujali, kama wasivyojali shimo watu wanaoijua barabara.

"Effie!" mzee alipaza sauti bila kuacha kucheza. "Ulikuwa wapi wewe? Wameniletea mwanamke mmoja hapa, uwii, anaburuta!"

"Nipo, Baba."

"Barabara ilikuwaje?"

"Nzuri, Baba. Nzuri kabisa."

Alimsikia Odette akipiga vigelegele vya kwao. Wakaingia wimbo wa pili, wa mbio, na hapo, kabla hawajafika kwenye kona, waya ukaanguka. Taa ya modemu ikawa nyekundu. Ilipokuja kuwaka kijani, mzee alikuwa amekwisha pelekwa kwenye chakula.

Wiki ile waya ulianguka tena na tena, hata Effie alipokuwa hautumii. Na Jumapili iliyofuata, tangu alipogusa piano alijua. Ule mzigo ulikuwa umerudi. Mashine ilikuwa imehesabu makosa, ikaona yametosha, ikamfunika tena blanketi lake. Sasa hakukuwa na kitobo hata kimoja. Kila noti ilifika nzima, safi, na imechelewa.

"Mwambieni huyu dada asante," Hector alisema taratibu, akiweka upinde chini. "Anajitahidi. Lakini mimi namsubiri binti yangu."

Lauchie alirudi, safari hii na kiredio kidogo cha mkononi. Alikizungusha hewani kama padri mwenye chetezo.

"Kuna kitu kinapiga kelele jirani hapa. Tukikiua, sahihisho likiondoka halitarudi." Akatega sikio kuelekea jikoni. "Na hiyo ya jikoni kwako, mbona inagonga?"

"Redio? Huwa hivyo kila majira ya joto. Mama alikuwa akisema ni moyo wa nyumba."

"Moyo!" Lauchie alitembea na kiredio chake kando ya barabara, na kadiri alivyopanda kilima ndivyo kilivyogonga kwa nguvu, mpaka akafika kwenye ua wa umeme wa jirani yake Effie, Wilfred, uliozunguka malisho ya mitamba wake. Akarudi akihema. "Moyo wa nyumba yenu uko kwenye nguzo ya Wilfred. Kishikizo cha plastiki kilivunjika, yeye akafunga waya kwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Umeme unaruka hapo kila ukipiga. Nenda ukamwambie."

"Nenda wewe."

"Mimi ni mtu wa kampuni. Nikienda mimi, atanifungulia mbwa."

Watu wote wa Glen Dubh walifunga ua kwa vipande vya mpira, na hakuna aliyewahi kuona kwamba ni kosa. Mpira ulikuwa bure na ng'ombe hawakutoka. Lakini kumpandia mtu kilima umwambie ua wake unakuharibia, hilo lilikuwa jambo jingine, na Effie hakuwa mtu wa kupanda vilima vya watu. Siku zikapita. Alijiambia atakwenda mvua ikiisha. Mvua ikaisha. Alijiambia atakwenda Wilfred akimaliza majani yake. Jumapili mbili zikaja na kuondoka, na mara zote mbili mzee alimshukuru yule dada kwa adabu.

Alipokwenda, alikwenda na biskuti za oti kwenye bakuli ili mikono iwe na kazi.

"Haya, haya!" Wilfred aliita kutoka ghalani. "Binti wa Hector amepanda kilima! Dunia inakwisha kweli, siyo ugonjwa tu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unataka kitu."

Effie alilitazama bakuli, akayasema yote kwa mfululizo, ua, mpira, waya, baba, kuburuta. Alipomaliza, Wilfred alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Kwa hiyo mpira wangu ndio unamfanya Hector asikujue?"

"Siyo hivyo tu..."

"Tangu lini umejua?"

Effie aligeuzageuza bakuli mikononi.

"Ah, mtoto wewe," Wilfred alisema kwa sauti ya chini. "Ungenipigia hata filimbi. Ningekuja na koleo usiku huohuo." Akaweka kofia kichwani. "Vishikizo nitabadilisha leo. Na Jumapili nitauzima ua wote, nisimame langoni na fimbo. Mitamba wakitaka kutoka, wapite juu ya maiti yangu. Biskuti acha."

Jumapili ilipofika, Lauchie alikuja ingawa haikuwa siku yake ya kazi, akachomeka kifaa chake uani, akahakikisha sahihisho limeondolewa, akainua kidole gumba dirishani. Juu kilimani Wilfred alisimama langoni kama mlinzi wa benki. Redio ya jikoni ilikuwa inaongea bila kugonga, na nyumba ilisikika ngeni.

"Effie, mpenzi," Odette alisema kwenye spika kabla ya kumleta mzee. "Nikuambie kitu. Wiki hizi mbili amekuwa mzito. Kijiko kinamchukua muda kufika mdomoni. Nakuambia ili usije ukashtuka."

"Sawa."

Kiti kililia. Fidla ilianza, wimbo wa kisima cha Dolina. Effie alitangulia nusu ya pumzi, kama alivyofundishwa, akamvuta.

Fidla haikuja.

Ilikuja baadaye, peke yake, nyuma ya mwitikio. Effie alisukuma tena. Mzee alijaribu kumfikia, noti mbili zikagongana, upinde ukakwaruza. Blanketi limerudi, Effie aliwaza, mashine imenirudishia. Akapiga kioo cha dirisha kwa kiwiko. "Lauchie! Limerudi!"

Lauchie alitazama kifaa chake, akatazama tena. Akatikisa kichwa. "Halijarudi," alisema kupitia kioo. "Waya ni mwepesi kuliko siku ile. Hakuna hata kosa moja." Kisha naye akasikia, maana dirisha lilikuwa wazi kidogo, akavua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Ucheleweshaji ulikuwa kwa mzee mwenyewe. Ulikuwa mkononi mwake, au mbali zaidi, mahali ambapo fundi hafiki. Karata zilikuwa zikianguka huko ndani mojamoja, na hakukuwa na za akiba.

"Nimepotea," Hector alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeachwa sokoni. "Effie anakimbia. Effie, unakimbilia wapi? Sikufikii."

Alikuwa amemjua. Kwenye siku zote hizo za kutafuta, hilo ndilo alilolitaka, na sasa amelipata: mzee alijua ni yeye, kwa sababu alikuwa anamwacha.

Mikono ya Effie ilikaa juu ya piano. Alijua njia mbili tu. Angeweza kubaki Effie, mkono wa kushoto ukitangulia, na baba yake angemjua mpaka mwisho wa wimbo huku akianguka na kuinuka nyuma yake. Au angeweza kufanya lile alilokatazwa tangu miguu haijafika kwenye pedali.

"Anza tena, Baba," alisema. "Polepole. Nipo."

Mzee alianza. Effie hakutangulia. Alisikiliza upinde ukigusa uzi, akangoja, ndipo akaitikia. Mzee alipopunguza, alipunguza. Mzee alipoisahau noti, Effie aliiweka yeye kwa kidole kimoja, kwa upole, ili wimbo usijue kwamba kitu kimepotea. Walifika kwenye kona ile inayopinda pasipotarajiwa, na mzee akasimama hapo kama mtu mbele ya kijito, na Effie akasimama pamoja naye, akirudia mwitikio uleule, akiurudia, mpaka fidla ikakusanya sketi zake na kuvuka. Wimbo wa kuchezea ngoma ulikuwa umekuwa wimbo wa kuzikia. Lakini waliumaliza. Hakuna noti iliyobaki nje.

Kwenye spika Hector alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeshiba.

"Vizuri sana, dada," alisema. "Vizuri sana. Una subira. Baba yako ni nani?"

Ndilo swali ambalo kila mtu wa huko humwuliza mgeni kabla ya kumwuliza jina. Effie alilisikia maisha yake yote likiulizwa kwa wengine.

"Mimi ni wa Hector," alijibu. "Hector wa Dougald. Wa Glen Dubh."

"Hector!" Mzee alifurahi. "Namfahamu. Anapiga fidla. Ana binti mmoja, yule, jina lake nani... Anamwitikia kwa piano. Huyo haburuti hata kidogo."

"Ndiyo, mzee. Nimesikia."

"Ukimwona mwambie namsubiri."

"Nitamwambia."

"Na wewe uje tena. Mwambie huyu mama anayeleta dawa akupangie siku."

Odette alisema kitu, lakini maneno yake hayakutoka vizuri, na akakata mawasiliano.

Effie alikaa akiwa ameupa ukuta uso, kama siku zote. Baadaye alitoka uani. Lauchie alikuwa anakunja waya zake polepole kuliko ilivyohitajika, na kule kilimani Wilfred alikuwa bado langoni na fimbo, akisubiri aashiriwe.

"Sasa nikuachie hivihivi?" Lauchie aliuliza bila kumtazama. "Maana mvua za vuli zikija, waya ukiwa uchi, utakuangukia katikati ya wimbo."

"Rudisha sahihisho," Effie alisema.

"Utachelewa tena."

"Najua. Anacheza polepole sana sasa. Haitaonekana." Akampungia Wilfred mkono, na kule juu jirani yule akavua kofia, akainama kuwasha ua wake. "Mimi ninachotaka ni usikatike."